Tufaha la Jicho la Mzee Pargeter

Josiah Pargeter alikuwa fundi wa macho ya kioo katika mitaa ya Hockley, mjini Birmingham, enzi ambazo mji ule ulitengeneza kila kitu, kuanzia sindano hadi kitanda cha shaba. Alianza na macho ya wanasesere, akapanda kwenye macho ya mbweha na ndege waliokaushwa ili matajiri wapambie kuta zao, na mwishowe akafikia macho ya watu. Alikuwa na binti wawili. Hii ni habari ya yule mkubwa, Zillah, ambaye watu walipoitaja nyumba ile hawakuanza naye.

Mama yao alifariki siku aliyomzaa Olive. Zillah alikuwa na miaka saba. Kwa majuma matatu Josiah hakumtazama yule mtoto mchanga; alimwacha kwa jirani, Bi Clewlow, aliyekuwa na kichanga chake na maziwa ya kutosha. Siku Bi Clewlow alipomleta, akamweka juu ya meza ya kazi katikati ya mirija ya kioo na kusema, "Haya, mzee, mwenye mali njoo uchukue mali yako," mtoto alifumbua macho. Yalikuwa ya kijivu, na pembeni yamezungushiwa uzi mwembamba wa kijani. Josiah akainama. Rangi ile alikuwa ameitafuta kwa moto na kioo miaka kumi na miwili asiipate.

"Tufaha la jicho langu," akasema.

Sisi tungesema mboni. Watu wa nchi ile husema tufaha, na maana ni ileile: kile ambacho mtu hataki hata vumbi likiguse. Tangu siku hiyo Olive hakuwa na jina jingine kinywani mwa baba yake. Tufaha amekula? Tufaha amelala? Nani amemliza tufaha langu? Na aliyejibu maswali hayo alikuwa Zillah, kwa kuwa ndiye aliyemlisha, akamlaza, na mara nyingine ndiye aliyemliza.

Zillah alipofika miaka kumi alianza kukaa mezani na baba yake saa za jioni kabla ya chakula, akimkanyagia mvukuto ili moto wa gesi usimame vizuri. Siku moja akauliza, "Baba, kwa nini tufaha? Kwa nini si peasi?"

Josiah akacheka. Kwa kibano aliinua tone la kioo cheusi, dogo kama punje ya pilipili manga. "Unakiona hiki? Huu weusi wa katikati, wazee wa kale wa nchi hii ndio waliouita tufaha. Walidhani ndani ya jicho limekaa tunda gumu la mviringo. Hawakujua kwamba ni tundu tu, mlango wa kupitishia mwanga. Lakini walijua kwamba likiharibika hilo, mtu dunia yake imezimwa. Ndiyo maana wakampa jina hilo mtu wanayemlinda kuliko wote. Jiwe likija usoni, kope inafumba kabla hujafikiri, si ndiyo? Basi hivyo."

"Na mhubiri alisema Wayahudi wanaita vingine."

"Kijitu cha jicho. Ndivyo alivyosema. Mtu mdogo anayekaa ndani. Sogea hapa uone."

Zillah akasogea mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Katika weusi wa jicho la baba yake akaona msichana mdogo mwenye nywele za kusukwa, taa nyuma yake.

"Nimo humo," akanong'ona.

"Ndiyo, umo. Anayekaa karibu ndiye anayeonekana."

Olive akalia chumba cha pili. Josiah akageuza uso haraka, na msichana aliyekuwa ndani ya jicho akatoweka. Zillah alibaki amekaa, mguu juu ya mvukuto, mpaka baba aliporudi na mtoto begani na kumwambia moto umelegea.

Zillah alikua mrefu, mkimya, mwenye vidole vyembamba visivyotetemeka. Akiwa na miaka kumi na minane, mkono wake ulikuwa umeupita wa baba yake, ingawa hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Aliweza kupuliza kioo cheupe mpaka kikawa tufe jepesi kama ganda la yai, akaweka duara la rangi, akachora mishipa kwa nyuzi za kioo chekundu nyembamba kuliko unywele, kisha akalizika jicho ndani ya sanduku la majivu ya moto lipoe polepole, maana upepo mmoja wa dirishani ungelipasua. Watu walikuja kutoka mbali. Aliwakalisha dirishani penye mwanga wa kaskazini, akawatazama jicho lao zima kwa saa nyingi, na wengine waliona haya, kwa sababu hawakuwahi kutazamwa hivyo hata na wake zao.

Olive alikua mcheshi. Aliimba kanisani, alivaa utepe mpya kila Pasaka, na alijua kumwigiza mhubiri mpaka Josiah akapaliwa na chai. Usidhani Zillah alimchukia. Alimsuka nywele kila asubuhi akiwa ameishika pini kwa meno, akamwachia ganda la juu la mkate kwa kuwa ndilo alilolipenda. Lakini wivu ni kidonda, na kidonda kinaweza kukaa miaka chini ya nguo safi.

Olive alipotimiza miaka kumi na tisa akapendwa na mwashi aitwaye Stobart, mtu wa maneno matamu, akaolewa naye haraka na kusafiri naye kwenda Kanada. Josiah alisimama kwenye jukwaa la stesheni mpaka moshi wa gari moshi ukaisha. Kisha akarudi nyumbani akamwambia Zillah, "Zima moto. Leo hakuna kazi." Wiki nzima ikapita hivyo.

Barua zilikuja. Mtoto wa kiume amezaliwa, ameitwa Lorne. Baridi ya huko inavunja meno. Stobart amepata kazi, Stobart ameacha kazi. Josiah alizisoma mwenyewe mwanzoni, baadaye akizisogeza karibu na pua, na hatimaye akampa Zillah amsomee. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Ni ugonjwa wa watu waliokaa na moto na kioo maisha yao yote. Ukungu mweupe unaota kidogo kidogo mpaka unaziba. Daktari alitaka kupasua. Mzee akakataa katakata.

"Mimi najua jicho ni kitu gani," alisema. "Haliingizwi kisu."

Kwa hiyo miaka ilivyozidi kwenda, macho yaliyotoka katika nyumba ile kwa jina la Pargeter yalikuwa ya Zillah, na mzee alikaa karibu na moto akiyapapasa kwa vidole, akisema hili zuri, hili zito kidogo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemtazama Zillah wakati huo. Aliitwa Enoch Tonks, fundi wa vitanda vya shaba, mgane asiye na mtoto, mwenye masizi shingoni yasiyotoka hata kwa sabuni ya Jumapili. Alikuwa akija na mbaazi za moto kwenye bakuli, akisingizia kwamba zimebaki.

"Nyumba yenu hii," alimwambia siku moja akitazama trei zilizojaa, "ina macho mia mbili, na hakuna hata moja linaloniona."

"Lipo moja," Zillah alisema, kisha akageukia moto, mashavu yakimwaka.

Enoch alimposa mwaka 1904, mwezi wa pili. Alikuwa amepata nyumba ya vyumba vitatu upande wa Smethwick. Mzee hakuwa na chumba humo. Enoch alisema wazi kwamba hawezi kumlea baba wa mtu mwingine na bado awe mume. Hakuwa mtu mbaya. Zillah aliomba siku saba. Siku ya saba alimwambia hapana, wakiwa wamesimama kwenye bomba la maji la uani, ndoo ikimwagika miguuni mwao bila mmoja wao kulifunga bomba.

"Angekuwa mdogo wako angekwenda," Enoch akasema.

"Ndiyo. Na alikwenda."

Alirudi ndani. Josiah akainua uso. "Nani huyo? Tonks? Anataka nini kila siku?"

"Ameleta mbaazi."

"Hm." Mzee akatabasamu gizani mwake. "Leo nimemwota tufaha. Alikuwa anapanda ngazi hizi akiimba. Zillah, wewe ungekuwa na sauti kama ile, nyumba hii isingekuwa kaburi."

Barua ya Olive ilifika siku tisa baadaye. Zillah aliifungulia dirishani. Stobart ameondoka na mwanamke mwingine, aliandika Olive. Mimi na Lorne tunakaa kwa mama mmoja wa kanisa, mizigo tumeshaifunga, sasa nasubiri neno moja tu kutoka kwa baba. Mwulize, dada, kama nina mahali. Nitalala hata chini ya meza ya kazi.

Zillah akaisoma mara mbili. Baba yake alikuwa ameegemea kiti, mdomo wazi, amesinzia. Ilitosha kumgusa goti. Angemwona mzee akiruka kama kijana, akiagiza magodoro, akimwita Bi Clewlow aje asikie. Angemwona Olive akirudi, akapokewa kwa machozi, akaketi pale karibu na moto. Na yeye, Zillah, angeendelea kupuliza kioo ili wote wapate kula. Enoch alikuwa ameshakwenda. Kama barua hii ingekuja siku kumi kabla, Olive angemlea baba, na yeye angekuwa huru.

Akachukua karatasi. Akaandika: Baba amesema usije. Amesema ulichagua mwenyewe. Akatia sahihi kwa niaba yake, akavaa shali, akaenda posta, na akarudi kabla mzee hajaamka.

"Posta imeleta kitu?" Josiah aliuliza jioni.

"Hapana, baba."

Jibu halikuja, wala barua nyingine. Mwaka ukaisha, na wa pili. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Zillah alijaribu: mara mbili aliandika kwa anwani ile ya zamani, na mara mbili bahasha zikarudi zimegongwa muhuri kwamba mwenyewe hajulikani. Alizichoma kwenye moto wa gesi. Mzee aliacha kuuliza kila siku, akawa anauliza kila Jumapili, na baadaye kila Krismasi tu.

Mwaka 1912 mchungaji wa mji wa Winnipeg aliandika kwamba Bi Olive Stobart amefariki kwa homa ya mapafu, na kwamba mwanawe mwenye miaka kumi na mitano amepata kazi kwenye karakana ya magari moshi. Zillah aliisoma barua hiyo kwa sauti, neno kwa neno, hakuongeza wala kupunguza. Josiah alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka minane," alisema. "Miaka minane hakuniandikia hata mstari. Nilimkosea nini?"

Zillah alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, nyuma ya meno. Akamwona baba yake akipapasa hewani kutafuta mkono wa kushika, akampa wa kwake, na maneno yakarudi chini.

Vita vilipokuja, macho kutoka Ujerumani, ambayo ndiyo yaliyojaza maduka zamani, yalikatika. Vijana wakaanza kurudi kutoka Ufaransa na nusu ya nyuso zao. Zillah alifanya kazi tangu alfajiri mpaka mwanga wa dirisha ulipokwisha. Ilikuwa Jumapili moja ya Novemba mwaka 1917, baada ya ibada ya mchana, mlango ulipogongwa. Alisimama kijana amevaa suti ya buluu ya majeruhi wa hospitali, bendeji juu ya jicho la kushoto. Jicho la kulia lilikuwa la kijivu, pembeni limezungushiwa uzi wa kijani.



"Namtafuta Mzee Pargeter," kijana alisema. "Mimi naitwa Lorne Stobart. Wewe bila shaka ndiye mama mkubwa Zillah."

Josiah alimpapasa uso, paji, pua, kidevu, akikwepa ile bendeji kama mtu anayezunguka shimo. Alilia bila kujificha. "Hiki kidevu chake," alisema. "Zillah, njoo uone, ni kidevu chake hiki." Wakakaa kwenye chai na mkate uliopakwa mafuta ya nyama. Lorne alikuwa na mzaha. Alisema kwamba tangu apoteze jicho, wauguzi hawajui kama anakonyeza au anapepesa, na hilo limemsaidia sana. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha, huku akijifuta mashavu, akasema:

"Lakini mama yako alinisahau, mwanangu. Simlaumu, marehemu halaumiwi. Ila alinisahau kabisa."

Lorne akaweka kikombe chini. "Samahani, babu. Wewe ndiye uliyemwambia asije."

"Nani?"

"Wewe. Nilikuwa na miaka saba. Mizigo ilikuwa mlangoni, nilikuwa nimeikalia. Barua ikaja, mama akaisoma, akaanza kufungua kamba."

 Zillah alikuwa ameshika birika. Angeweza kusema barua hupotea, angeweza kusema labda Stobart alifanya hila. Watu wawili wale hawakuwa na njia ya kujua. Lakini mzee hakuwa amemgeukia kijana. Macho yake meupe yalikuwa yamemwelekea yeye.

"Zillah."

"Naam, baba."

"Barua zangu zilikuwa zinasomwa na nani?"

"Na mimi."

"Na kujibiwa?"

"Na mimi."

"Basi mweleze mtoto."

Akaeleza akiwa amesimama. Hakumtaja Enoch, wala ile ndoto ya ngazi. Alisema tu kwamba Olive aliomba kurudi, kwamba hakumwambia baba, na kwamba yale maneno aliyatunga mwenyewe. Lorne alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kofia yake, akaifinyanga mkononi, akaondoka bila kuaga.  Mzee alikaa vile mpaka moto ukawa majivu, na Zillah alipotaka kumwinua akalale, aliuondoa mkono wake kiwikoni, taratibu, kama mtu anayeondoa kitu kilichomdondokea.

Siku ya nne Lorne alirudi.

"Nimekuja kwa ajili ya jicho," alisema mlangoni. "Kwa hilo tu."

"Hospitali wanayo."

"Nimeyajaribu. Nikijitazama kwenye kioo najiona samaki wa sokoni."

Zillah akamkalisha dirishani. Kazi ile haina njia ya mkato. Ili kuigiza jicho ni lazima ulitazame jicho mwenzake, karibu, kwa muda mrefu. Siku tatu alikaa akilitazama jicho la mdogo wake katika uso wa kijana huyu asiyemtaka. Matufe saba aliyatupa. Siku ya kwanza hawakuongea. Ya pili Lorne alianza kusimulia, huku akitazama nje, labda kwa sababu ukikaa hivyo na mtu, kimya huwa kizito kuliko hasira. Mama yake alifua mashuka ya hoteli. Aliimba akifua. Alikuwa akiwaigiza wageni wa hoteli mpaka wenzake wakaacha kazi kucheka.

"Alinisimulia habari zako zaidi kuliko za babu," alisema. "Jinsi ulivyokuwa unashika pini kwa meno. Na ganda la mkate. Alisema, 'Baba alinipenda kama chombo cha kabatini, lakini aliyeniosha masikio ni Zillah.'"

Zillah aliendelea kuzungusha kioo motoni.

"Ile barua aliitunza. Alinionyesha nilipokuwa mkubwa. Nilitegemea atamlaani babu. Lakini akaweka kidole kwenye mwandiko akasema, 'Maskini dada yangu. Imembidi aandike maneno haya kwa mkono wake. Tazama herufi zinavyotetemeka.' Alikuhurumia wewe, mama mkubwa. Mpaka anakufa alikuwa anakuhurumia wewe."

Tufe lililokuwa motoni likalegea, likajikunja upande, likadondoka mezani. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini. Zillah alizima gesi. Aliweka mikono miwili mapajani na kulia bila sauti, mwili wote ukitikisika, na yule kijana akabaki amekaa kitini kwake karibu naye, hakumgusa, wala hakuondoka.

Jicho la nane ndilo lililofaa. Siku alipolivaa, Lorne alijitazama muda mrefu kwenye kioo cha ukutani. Rangi ilikuwa ile. Josiah hakuweza kuiona. Aliomba alishike kabla halijawekwa, akalipapasa mgongo na ukingo, akalirudisha bila kusema kama ni zito au jepesi.

"Siwezi kusema nimekusamehe," Lorne alimwambia Zillah wakati wa kuondoka. "Mwenye haki ya kulisema hilo hayupo."

"Najua, mwanangu."

"Sijui kama napenda uniite hivyo."

"Basi nitakuita Lorne."

Alirudi Kanada majira ya kuchipua yaliyofuata. Alimuaga babu yake kwa kumkumbatia na yeye kwa kumpa mkono.

Mzee Pargeter hakumlaani binti yake wala hakumfukuza. Alikula alichopewa, alivaa alichofuliwa. Lakini barua za Lorne alimpelekea Bi Clewlow amsomee, na Jumapili alikwenda kanisani akijishikilia ukuta, nyumba kwa nyumba, na fimbo yake, huku Zillah akimfuata hatua tano nyuma akiwa tayari kumdaka. Watu wa mtaa waliona wakadhani ni ukaidi wa uzee. Bi Clewlow, ambaye alikuwa ameshajua yote, alimwambia Zillah, "Mlishe tu, mwanangu. Mengine mwachie Mungu, maana mimi ningekupiga kwa ufagio, kisha ningekupikia supu."

Ile homa kubwa iliyofuata vita ilimkuta Josiah mapema mwaka 1919. Siku ya tatu ya ugonjwa, mchana, pumzi ikikwaruza, alimwita kwa jina.

"Ulikuwa unaniona," alisema. "Nimekaa hapa namngoja, miaka yote ile. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona, baba."

 "Na mimi sikukuona wewe," mzee akasema. "Hata nilipokuwa na macho."

Zillah alingoja aendelee, kama ni lawama au ni toba, lakini mzee akaomba maji, akanywa mafundo mawili, na baada ya hapo hakuzungumza tena. Alifariki asubuhi ya pili yake. Zillah alimfumba macho mwenyewe.

Jicho la kioo halidumu. Machozi ya mtu yana chumvi, yanakula uso wa kioo, na baada ya miaka miwili au mitatu linakwaruza kama mchanga. Mwaka 1920 Lorne aliandika, mistari miwili tu: baridi ya Winnipeg imelipasua jicho asubuhi moja akitoka nje, na fundi wa huko hawezi rangi ile. Zillah alitengeneza jingine kwa kukumbuka. Alilifunga kwa pamba ndani ya kikopo cha chai, akaandika anwani, na kwenye kipande cha karatasi: Lisilowekwe maji ya baridi. Hakuongeza kitu. Jibu likaja kwamba limekaa vizuri.

Ikawa hivyo. Kila baada ya miaka miwili barua, na kila barua kikopo. Polepole mistari ya Lorne iliongezeka. Alioa msichana wa Kiukraini. Akapata binti. Hakuwahi kuandika neno msamaha, na Zillah hakuwahi kuliomba. Lakini barua za mwaka 1928 na kuendelea zilianza na "Mama mkubwa mpendwa", na yeye aliusoma mstari huo wa kwanza mara nyingi kuliko mingine.

Jicho la tisa la kupeleka Kanada alilitengeneza mwaka 1936, akiwa na miaka sitini na sita, katika nyumba ileile. Ukungu ulikuwa umeanza kumwingia na yeye, jicho la kulia kwanza. Alitupa matufe ishirini na mawili. La ishirini na tatu halikuwa baya, ila uzi wa kijani ulikuwa umetoka mnene upande mmoja, na alilijua hilo. Akalifunga hata hivyo, akaandika kwamba mikono haimtii tena na kwamba Lorne atafute fundi mwingine, wapo vijana wazuri London.

Jibu lilichukua wiki tano. Zillah, ambaye herufi sasa zilimpotea kwenye ukungu, alimpa mjukuu wa Bi Clewlow, mwalimu wa shule, amsomee. Lorne aliandika kwamba jicho amelivaa na amekwenda nalo kazini, na kwamba hana haja ya fundi wa London. Hili litamtosha mpaka lichakae, na likichakaa atafunga kitambaa jichoni.

"Ameandika na kingine?" Zillah aliuliza.

"Anauliza hali yako. Anasema ujibu."

Zillah alimwomba yule mwalimu akae kidogo, amtafutie karatasi na wino, kisha akaanza kumwambia la kuandika.